Masomo manne, makosa manne: je, udhaifu wangu ni mmoja?

Muulizaji

Salaam ndugu wasomi. Ninaomba msaada wa kufikiri, wala siombi kufanyiwa kazi. Niko mwaka wa kwanza wa chuo, na muhula huu nina masomo manne yenye hesabu, yaani fizikia, kemia, takwimu na uchumi. Nikisoma mfano uliokwisha kufanywa kitabuni ninauelewa mstari kwa mstari, lakini nikifunga kitabu na kushika karatasi tupu ninakosea, tena ninakosea huku nikijiamini kabisa, na kosa langu nalijua siku kazi inaporudishwa ikiwa imejaa wino mwekundu. Mficha maradhi kilio humuumbua, kwa hiyo ninaweka hapa maswali manne niliyokosa wiki hii pamoja na namna nilivyoyafanya.

Swali la fizikia lilihusu sanduku lenye tungamo la kilo 20 linaloteleza kushuka kwenye mteremko wa digrii 30, ambako kizigeu cha msuguano, yaani namba inayoonyesha ukali wa msuguano, ni 0.2, na tulitakiwa kutafuta mchapuko wake, yaani kasi yake inaongezeka kiasi gani kila sekunde. Nilichukua uzito wote wa sanduku, nikauzidisha kwa 0.2 ili kupata msuguano, na mwishowe nikapata mita 2.94 kwa sekunde mraba.

Katika kemia, gramu 10 za haidrojeni zimechanganywa na gramu 64 za oksijeni, mchanganyiko ukawashwa, na tunaulizwa ni gramu ngapi za maji zitakazopatikana. Niliona kuwa haidrojeni ndiyo kidogo, nikaamua kuwa ndiyo itakayokwisha kwanza, nikapata gramu 90.

Swali la takwimu linasema kwamba ugonjwa fulani unampata mtu 1 katika kila watu 100. Kipimo chake kinawatambua wagonjwa 90 katika kila wagonjwa 100, lakini pia kinawahesabu kimakosa kuwa wagonjwa watu 5 katika kila watu 100 wasio na ugonjwa. Mtu mmoja amepimwa na kipimo kimeonyesha kuwa anao. Je, uwezekano kwamba kweli anao ni kiasi gani? Niliandika asilimia 90.

La mwisho ni la uchumi. Bei ya bidhaa imepanda kutoka 40 hadi 50, na kiasi kinachonunuliwa kimeshuka kutoka 200 hadi 150. Nilipata kwamba unyumbufu wa mahitaji, yaani asilimia ya badiliko la kiasi ikigawanywa kwa asilimia ya badiliko la bei, ni 1, nikaongeza kwa maelezo kwamba mapato ya muuzaji hayatabadilika, na maelezo hayo ndiyo yaliyokatwa alama nyingi zaidi.

Ninachotaka kujua ni kama haya ni maradhi manne yanayohitaji dawa nne, au ni maradhi mamoja yanayojitokeza mahali panne.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa maoni yangu ni maradhi mamoja. Ukishapata jibu, unaweka kalamu chini. Hulitazami tena jibu lenyewe ili kuliuliza kama linawezekana. Nitaeleza kwa swali lako la kemia, kwa sababu hilo ndilo linaloonyesha jambo hili waziwazi kuliko yote.

Umeanza na gramu 10 za kitu kimoja na gramu 64 za kitu kingine, jumla yake gramu 74. Umemaliza na gramu 90 za maji. Gramu 16 za ziada zimetoka wapi? Mwanakemia Mfaransa Lavoisier alikwisha kuliweka jambo hili wazi katika kitabu chake cha mwaka 1789: katika mmenyuko wa kemikali, tungamo la vitu vilivyoingia ni sawa na tungamo la vitu vilivyotoka. Kwa hiyo, hata kama ungekuwa hujui lolote kuhusu moli, yaani fungu lenye idadi maalumu ya molekuli, kujumlisha namba mbili kungetosha kukuonyesha kwamba jibu lako haliwezi kuwa kweli, na ungelijua hilo ukiwa bado umekaa mezani na kalamu mkononi.

Sasa tuifanye hesabu yenyewe. Mlinganyo uliosawazishwa unasema kwamba molekuli mbili za haidrojeni huungana na molekuli moja ya oksijeni kutoa molekuli mbili za maji. Mlinganyo huo unahesabu molekuli, nawe umelinganisha gramu, na hapo ndipo ulipoteleza. Molekuli ya haidrojeni ni nyepesi mno: moli moja ya haidrojeni ina gramu 2, ilhali moli moja ya oksijeni ina gramu 32. Gramu zako 10 za haidrojeni ni moli 5, na gramu zako 64 za oksijeni ni moli 2 tu. Haidrojeni uliyoiona kuwa kidogo kwenye mizani ndiyo iliyo nyingi kwa idadi. Moli 2 za oksijeni zinahitaji moli 4 za haidrojeni, nawe unazo 5. Basi oksijeni ndiyo inayokwisha kwanza, na ndiyo inayoamua kiasi cha maji. Zinapatikana moli 4 za maji, na kwa kuwa moli moja ya maji ina gramu 18, jibu ni gramu 72. Inabaki moli 1 ya haidrojeni, yaani gramu 2, ambayo haikupata mwenzake. Jumlisha 72 na 2 uone: ni 74, sawasawa na ulichoanza nacho.

Hatua hiyo ya mwisho, ya kujumlisha kilichopatikana na kilichobaki, haiombwi na swali wala haina alama zake. Mimi huiandika pembeni mwa karatasi kila mara, na nimeona kwamba wanafunzi wanaoiandika hawarudishiwi makosa ya namna hii.

Mchangiaji wa pili

Ninamheshimu mchangiaji aliyetangulia, na hesabu yake ni sahihi kabisa, lakini sikubaliani naye kwamba maradhi ni mamoja. Kulikagua jibu kunakuambia kwamba umekosea. Hakukuambii umekosea wapi, wala hakukufundishi kuanza vizuri. Nikiyaangalia makosa manne ya ndugu yetu, ninaona kwamba kila somo lina swali lake la kwanza ambalo mwanafunzi hana budi kujiuliza kabla ya kugusa kanuni yoyote, na yeye ameyaruka yote manne. Katika kemia swali hilo ni: je, ninahesabu vipande au ninapima uzito? Katika fizikia ni: kani zipi, yaani nguvu za kuvuta au kusukuma, zinagusa kitu hiki, na kila moja inaelekea wapi?

Lichukue sanduku lako. Chora mteremko, chora sanduku juu yake, kisha chora mshale wa uzito ukielekea chini moja kwa moja, si kwa kufuata mteremko. Mshale huo una newtoni (kizio cha kani) 196, yaani kilo 20 mara 9.8, ambayo ni mchapuko wa kitu kinachoanguka bila kizuizi. Sasa uugawe katika sehemu mbili, moja inayofuata mteremko na nyingine inayoukandamiza mteremko kwa pembemraba. Ya kwanza ni 196 mara saini ya 30, yaani newtoni 98, na hiyo ndiyo inayolivuta sanduku kushuka. Ya pili ni 196 mara kosaini ya 30, yaani newtoni 169.7 hivi, na hiyo peke yake ndiyo inayozaa msuguano. Ukiizidisha kwa 0.2 unapata msuguano wa newtoni 33.9. Toa 33.9 kutoka 98, gawanya kwa 20, na mchapuko unakuwa takriban mita 3.2 kwa sekunde mraba.

Wewe uliipa msuguano newtoni 39.2 kwa sababu ulidhani uzito wote unaukandamiza mteremko. Hilo ni kweli pale tu sanduku linapokaa kwenye sakafu iliyo sawa. Tena nakushauri ufanye jambo moja zaidi: uinue mteremko wako akilini hadi usimame wima kama ukuta. Sanduku litaanguka kando ya ukuta bila kuukandamiza hata kidogo, na msuguano utakuwa sifuri. Lakini kwa njia yako, msuguano ungebaki newtoni 39.2 vilevile, kana kwamba kuna mkono unaolibana sanduku ukutani.

Katika takwimu, swali la kwanza ni: asilimia hii ni ya watu gani? Nina hakika kwamba hapa ndipo wengi wetu tulipoumia, na mimi mwenyewe nilipoteza alama za swali kama hili katika mtihani wa mwisho wa mwaka, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Swali limekupa asilimia 90 ya wagonjwa ambao kipimo kinawatambua. Limekuuliza ni asilimia ngapi ya waliotambuliwa na kipimo ambao ni wagonjwa. Maneno ni yaleyale, lakini kundi linalohesabiwa limebadilika: la kwanza ni kundi la wagonjwa, la pili ni kundi la waliopewa majibu ya kuwa nao ugonjwa.

Acha asilimia kwa muda na uhesabu watu. Chukua watu 10,000. Wagonjwa ni 100, na kati yao kipimo kinawatambua 90. Wasio wagonjwa ni 9,900, na kati yao kipimo kinawahesabu kimakosa 495. Waite mbele wote waliopewa majibu ya kuwa wagonjwa: wamesimama watu 585, na kati ya hao walio wagonjwa kweli ni 90. Gawanya 90 kwa 585, unapata asilimia 15 na ushei. Wengi waliosimama pale ni watu wasio na ugonjwa, kwa sababu ile asilimia 5 ndogo ya makosa imechukuliwa kutoka kundi kubwa mno.

Kanuni ya kuhesabu uwezekano wa namna hii ina jina la Thomas Bayes, ambaye maandishi yake juu ya jambo hili yalichapishwa mwaka 1763, baada ya kufa kwake, na mhadhiri wako atataka uiandike. Iandike, lakini baada ya kuwahesabu watu. Wanasaikolojia Gerd Gigerenzer na Ulrich Hoffrage walionyesha mwaka 1995 kwamba watu waliopewa maswali ya namna hii kwa idadi za watu walipata hoja sahihi mara nyingi zaidi sana kuliko waliopewa kwa asilimia.

Mchangiaji wa tatu

Nitasema machache kuhusu swali la uchumi, kwa kuwa limeachwa.

Hesabu yako ya 1 haikukosewa kwa kugawanya. Bei imepanda kwa asilimia 25 ya 40, kiasi kimeshuka kwa asilimia 25 ya 200, na 25 kwa 25 ni 1. Kosa liko katika kuichukua hiyo 1 na kuijengea hoja kuhusu mapato bila kuyahesabu mapato yenyewe, nayo yalikuwa mbele ya macho yako: 40 mara 200 ni 8,000, na 50 mara 150 ni 7,500. Mapato yameshuka. Maelezo yako na namba za swali vinapingana, na aliyesahihisha alikuwa na haki ya kukata alama pale.

Sababu ya mgongano huo ni msingi wa asilimia. Irudishe safari nyuma, kutoka bei ya 50 hadi 40: sasa bei imeshuka kwa asilimia 20 na kiasi kimepanda kwa asilimia 33.3, na unyumbufu unakuwa 1.67. Barabara ni ileile, lakini unapata namba moja ukienda na nyingine ukirudi. Ndiyo maana, mabadiliko yanapokuwa makubwa, tunagawanya kwa wastani wa mwanzo na mwisho. Tofauti ya kiasi ni 50 juu ya wastani wa 175, yaani asilimia 28.6, tofauti ya bei ni 10 juu ya wastani wa 45, yaani asilimia 22.2. Unyumbufu ni 1.29, uwe unakwenda au unarudi, na kwa kuwa unazidi 1, unasema kile ambacho mapato yamekwisha kukuambia: bei ikipanda, muuzaji anapoteza.

Muulizaji

Nawashukuru kwa dhati, na sikutarajia kusomwa kwa uangalifu namna hii. Kabla ya kujibu nilijipa jaribio la kemia bila kufungua kitabu: gramu 28 za naitrojeni na gramu 9 za haidrojeni, kutengeneza amonia. Nilijiuliza kwanza kama ninahesabu vipande. Naitrojeni ni moli 1, haidrojeni ni moli 4.5, na mlinganyo unataka moli 3 za haidrojeni kwa kila moli 1 ya naitrojeni, kwa hiyo naitrojeni ndiyo inayokwisha kwanza ingawa ndiyo nzito zaidi. Nilipata moli 2 za amonia, gramu 34, na haidrojeni iliyobaki gramu 3. Jumla ni 37, sawa na 28 na 9. Ni mara ya kwanza muhula huu kulijua jibu langu kuwa sahihi kabla ya mtu mwingine kuniambia.

Nina swali moja lililobaki. Mpaka sasa nimekuwa nikitenga siku moja kwa somo moja, na ndani ya siku hiyo ninafanya maswali ya mada moja mfululizo, hata kumi na tano, mpaka mkono uzoee. Jioni ninajiona nimeiva, lakini wiki ikipita ninakuwa kama sijawahi kuyaona. Je, niongeze idadi ya maswali?

Mchangiaji wa nne

Usiongeze idadi, badilisha mpangilio. Unapofanya maswali kumi na tano ya kitendanishi kinachokwisha kwanza, kama lile lako la kemia, ni lile la kwanza tu linalokulazimisha kuamua utumie njia gani. Kumi na manne yaliyobaki unayafanya ukiwa tayari umekwisha kuambiwa njia, na hivyo unafanya mazoezi ya kuhesabu bila kufanya mazoezi ya kuchagua. Mtihani hauandiki juu ya ukurasa kwamba swali hili ni la aina fulani.

Watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walilijaribu jambo hili kwa wanafunzi wa chuo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007. Wanafunzi walifundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja mpaka yaishe ndipo likahamia jingine; kundi la pili lilipewa maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, waliofanya umbo moja moja walipata asilimia 89, na waliochanganyiwa walipata asilimia 60. Wiki moja baadaye walipopewa mtihani, wale wa kwanza walipata asilimia 20 na wale wa pili asilimia 63. Jioni yako ya kujiona umeiva ndiyo ile asilimia 89.

Ninavyofanya mimi ni kwamba ninanakili maswali ya mada zilizopita kwenye vipande vya karatasi, kimoja kwa swali moja, bila kuandika yametoka sura gani, kisha ninavichanganya. Ninachota kimoja, na kabla ya kuhesabu chochote ninaandika sentensi moja nzima ikieleza swali hili ni la namna gani na kwa nini nadhani hivyo. Siku ambazo muda ni mfupi ninaandika sentensi hizo peke yake kwa maswali manane au tisa, nikaacha hesabu. Utaona ugumu na utapata alama ndogo kuliko ulivyozoea katika siku za mwanzo. Hilo lisikurudishe nyuma.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi kwa sababu hoja ya mchangiaji wa pili imenikaa moyoni tangu jana. Nilisema kwamba kulikagua jibu kunatosha, na nilipolijaribu jambo hilo kwenye swali la takwimu nilikwama: asilimia 90 haikupingana na kitu chochote nilichokiona, tofauti na zile gramu 90 ambazo zilijishtaki zenyewe. Ninakubali kwamba swali la kwanza la kila somo lina kazi ambayo ukaguzi hauwezi kuifanya.

Hata hivyo, ile njia yake ya kuuinua mteremko uwe ukuta nimeihamishia kwenye takwimu, na imefanya kazi. Chukulia kwamba katika watu 10,000 hakuna hata mmoja mwenye ugonjwa. Kipimo bado kitawahesabu kimakosa watu 500, na kila mmoja wao ni mzima, kwa hiyo uwezekano ni sifuri. Kisha chukulia kwamba wote 10,000 ni wagonjwa: kipimo kitawatambua 9,000, na kila mmoja wao ni mgonjwa, kwa hiyo uwezekano ni asilimia 100. Jibu la 90 halisogei katika hali yoyote kati ya hizo mbili, kwa sababu halikutumia kabisa ile habari kwamba mgonjwa ni mtu 1 katika 100. Ndugu muulizaji, lisome tena swali lako uone kama sentensi hiyo ya kwanza uliwahi kuigusa mahali popote katika hesabu yako.